Mwaka mmoja na Squid mbele ya mashine ya ujenzi: uzoefu wangu kutoka Mwanza

Nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya programu hapa Kirumba, si mbali na Mwaloni. Tuko watu sita. Programu yetu kubwa ni ya simu za Android, na mawakala wa samaki huitumia kuandika uzito wa sangara na dagaa mashua zinapotia nanga alfajiri. Kila tukibadilisha msimbo, Jenkins, programu ya ujenzi iliyo kwenye kompyuta ya kona ya ofisi, huuchukua, huujenga, huujaribu, kisha hutoa faili la kusakinisha. Kwa zaidi ya mwaka sasa mashine zote za ofisi zinatoka kwenda intaneti kupitia Squid, programu ya proksi, yaani mpatanishi anayepokea maombi ya mashine na kuyapeleka nje. Haya ni maoni yangu kwa anayefikiria kuiweka mbele ya mashine ya ujenzi kama yetu.

Safari ilianza tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikadorora nchi nzima. Sisi tuko ziwani, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, lakini kazi zetu zilisimama vilevile, kwa sababu kila ujenzi ulianza na folda tupu na kuvuta maktaba zilezile, yaani vipande vya msimbo wa watu wengine tunavyovitumia, upya kutoka nje. Bosi akauliza swali la maana sana: "Hivi vitu tunavyopakua kila siku, haviwezi kukaa hapahapa?"

Nikachukua kompyuta ya zamani iliyokuwa stoo, nikaweka Ubuntu, nikaweka Squid. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi, na usakinishaji haukuchukua hata dakika kumi. Matumaini yangu yalikuwa kwamba itahifadhi maktaba na kutuokolea bando. Hapa niseme wazi ili mwingine asipoteze wiki kama mimi: kwa kazi hiyo Squid peke yake haisaidii sana. Maktaba karibu zote siku hizi zinakuja kwa HTTPS. Programu inaiambia Squid "CONNECT", Squid inafungua njia, na kuanzia hapo yanayopita yamefungwa kwa siri kati ya pande mbili. Squid haioni faili, kwa hiyo haiwezi kulihifadhi. Ipo njia ya kuilazimisha ifungue na kusoma, lakini inabidi usambaze cheti chako kwenye kila mashine, kila kontena na kila hazina ya vyeti ya Java, na ukisahau mahali pamoja ujenzi unaanguka kwa makosa ya vyeti. Sikuifuata. Faida ya kache, yaani kuhifadhi nakala, niliiona kwenye vifurushi vya Ubuntu tu, vinavyokuja kwa HTTP ya kawaida, na hata huko ilibidi niongeze `maximum_object_size`, maana kikomo cha kawaida ni MB 4 na vifurushi vingi vikubwa vinazidi hapo. Maktaba zenyewe tukaziwekea Nexus, ghala la maktaba la ndani ya ofisi, kwenye mashine nyingine, na hiyo ndiyo iliyojibu swali la bosi.

Kwa nini basi Squid bado iko? Kwa sababu ya logi yake, faili linaloandika kila ombi lililoifikia.

Jumapili moja jioni nilifunga faiwoli ili mashine zote zipite kwenye proksi, isipite hata moja pembeni. Jumatatu asubuhi kazi zote za Jenkins zikawa nyekundu, zote zikilalamika kwamba muda wa kuunganisha umekwisha. Mdogo wangu anayeshughulika na majaribio akaniita, "Kaka, mbona mimi nikiamrisha mwenyewe inapita?" Kweli, aliingia kwenye mashine ileile ya Jenkins, akaandika amri ileile kwenye terminali, maktaba zikashuka. Nilibadilisha sheria za Squid karibu asubuhi nzima bila mafanikio. Wakati huo kulikuwa na marekebisho ya kosa la mizani ambayo wakala wa Ukerewe aliyasubiri tangu Ijumaa, na kila simu yake ilipoita nilijua anauliza nini.

Kilichonitoa ni kufungua madirisha mawili. Moja nikaanzisha ujenzi, la pili nikaandika `tail -f /var/log/squid/access.log`. Ujenzi ukahangaika, ukaanguka, na kwenye logi hakukutokea hata mstari mmoja kutoka anwani ya Jenkins. Basi Squid haikuwa na kosa lolote. Ombi halikuwahi kuifikia. Jenkins ilikuwa inakwenda moja kwa moja nje na kugonga faiwoli.

Tangu siku ile siigusi sheria yoyote kabla ya kutazama logi. Mstari usipoonekana kabisa, tatizo liko kwa mteja: hajui kuna proksi. Ukionekana na `TCP_DENIED/403`, amefika lakini sheria zako zimemkatalia. Ukiwa na 407, Squid inataka jina na neno la siri. Na ukiona `TCP_TUNNEL/200`, njia ilifunguliwa vizuri, katafute kosa mbele zaidi, labda cheti, labda seva ya huko. Tahadhari moja tu: mstari wa TUNNEL huandikwa muunganisho unapofungwa, si unapoanza. Upakuaji mrefu unaweza kuwa unaendelea na logi iko kimya, kwa hiyo subiri kidogo kabla ya kuamua kwamba ombi halijafika.

Sasa kwa nini terminali ilipita na Jenkins ikakwama? Kwenye terminali `HTTPS_PROXY`, kigeu cha mazingira kinachoziambia programu proksi iko wapi, ilisomwa kutoka mipangilio ya mtumiaji aliyeingia. Jenkins inaanzishwa na systemd, inayowasha huduma za Linux, na huduma haisomi `.bashrc`, faili la mipangilio ya mtu. Ukurasa wa proksi ulio ndani ya Jenkins nilikuwa nimeujaza, na programu-jalizi zake zilisasishwa vizuri, jambo lililozidi kunipoteza. Ukurasa ule ni wa Jenkins yenyewe, hauzihusu amri zinazoendeshwa ndani ya kazi. Dawa ilikuwa `systemctl edit jenkins`, nikaweka mistari ya `Environment=` yenye `HTTP_PROXY`, `HTTPS_PROXY` na `NO_PROXY` (orodha ya anwani zisizopitia proksi), na kila moja pia kwa herufi ndogo. Herufi ndogo si urembo: curl, amri ya kupakua vitu, husoma `http_proxy` ya herufi ndogo pekee, kwa sababu za kiusalama. Nikaanzisha upya. Git, inayovuta msimbo wetu, ikapita, na kwenye logi nikauona mstari wa kwanza wa Jenkins.

Gradle, chombo kinachojenga programu yetu ya Android, bado ikagoma, tena bila mstari kwenye logi. Hii ndiyo sehemu inayowala wengi wanaojenga programu za Android. Gradle inaendeshwa juu ya Java, na Java haijali vigeu hivyo vya mazingira. Inataka kuambiwa kwa lugha yake, kwenye faili la `gradle.properties` lililo ndani ya folda ya `.gradle` ya mtumiaji anayeendesha ujenzi. Kwetu mtumiaji ni jenkins, kwa hiyo ni chini ya `/var/lib/jenkins`. Niliandika hivi:

systemProp.https.proxyHost=192.168.10.2
systemProp.https.proxyPort=3128

Kisha mistari miwili kama hiyo kwa `http`, maana Java inavihesabu kuwa vitu viwili tofauti.

Ujenzi uliofuata ulianguka tena, ila safari hii nilifurahi, kwa sababu logi iliongea: `TCP_DENIED/403`, CONNECT, `dl.google.com:443`. Kwenye orodha yangu ya vikoa vinavyoruhusiwa nilikuwa nimeandika maven.google.com, nikiamini maktaba za Android ziko huko. Faili zenyewe hutoka dl.google.com. Neno moja kwenye orodha, kisha `squid -k reconfigure` ili Squid isome mipangilio upya, na maktaba zikaanza kushuka. Bila logi ile ningeendelea kuilaumu Gradle mpaka jioni.

Kosa la mwisho lilikuja tulipowasha Nexus. Jenkins na Nexus ziko kwenye meza moja, lakini maombi yalikuwa yanaizunguka ofisi kupitia Squid na kukataliwa huko, kwa kuwa anwani ya ndani haimo kwenye orodha. Nilikuwa nimeiweka anwani hiyo kwenye `NO_PROXY` na nikaona inatosha. Haitoshi. `NO_PROXY` inatenganisha majina kwa mkato. Java ina yake, `http.nonProxyHosts`, inayotenganisha kwa mstari wima na kukubali nyota, mfano `localhost|192.168.10.*`, na hiyo moja ndiyo inayotumika hata kwa HTTPS. Anwani zilizoandikwa kama kundi, mfano 192.168.10.0/24, nazo ni mtego kwenye `NO_PROXY`: programu nyingine zinazielewa, nyingine hazizielewi, na curl yenyewe ilianza kuzielewa toleo la 7.86.0, mwaka 2022. Andika anwani kamili, utalala vizuri.

Wakala wa Ukerewe alipata toleo lake Jumatatu ileile, saa kumi na moja jioni. Alinipigia kushukuru, mimi bado nimekodolea macho logi.

Kuhusu neno la siri la proksi, tuliliacha. Lilikuwa na alama ya @ ndani yake, na kwenye anwani ya proksi alama hiyo lazima iandikwe %40, la sivyo kila kinachofuata kinasomwa kama jina la seva. Sasa tunaruhusu kwa anwani za mashine za ofisi tu, na kwa watu sita inatosha.

Mambo mawili ya kila siku yananifanya niithamini na kuiheshimu. La kwanza, usizoee kuizima na kuiwasha kila ukibadilisha kitu. Kwa kawaida Squid husubiri sekunde 30 ili miunganisho iliyo wazi imalizike, na kwa nusu dakika hiyo ofisi nzima haina intaneti. Kagua kwanza kwa `squid -k parse`, kisha `squid -k reconfigure`, na kazi zinaendelea. La pili, muda kwenye logi umeandikwa kwa sekunde tangu 1970, jicho la kawaida halisomi. Nilibadilisha muundo wake siku ya pili, na ningependa ungekuja hivyo tangu mwanzo.

Kinachobaki ni Git kwa SSH, njia nyingine ya siri ya kuunganisha inayotumia poti yake. Haipiti kwenye proksi hii bila mbinu za ziada, na kwa mipangilio ya kawaida Squid inakataa CONNECT kwenye poti isiyo 443. Tulihamisha kazi zote za Jenkins kwenda HTTPS. Wawili kati yetu bado wanapenda SSH kwenye kompyuta zao, na wiki hii nawajaribishia kuipitisha kwenye poti 443.