Vifaa vya kupima bakteria kwenye maji: ukiwa Kigoma, nunua kipi?

Wengi huanza na bei. Mimi naanza na umeme. Usiku mmoja hapa Ujiji nilikuwa na sampuli za visima kumi ndani ya inkubeta, yaani kisanduku cha joto cha kuoteshea bakteria, umeme ukakatika saa nne, ukarudi alfajiri. Zote nikazitupa.

Kwa hiyo kwa kamati ya maji ya kijiji, namba moja ni mfuko wa vyumba vitano. Unachanganya mililita 100 za maji na dawa ya kuoteshea bakteria, unamimina mfukoni, unabana kwa kibanio. Chumba chenye E. coli, bakteria wa kinyesi, hugeuka kijani cha bluu, na jedwali linakupa makadirio ya idadi. Joto la kawaida la nyumbani, nyuzi 25 hadi 30, linatosha bila inkubeta. Unasubiri siku mbili tu. Ubaya wake, mfuko ni wa mara moja, na kabla ya kuumwaga lazima uue vilivyoota kwa vidonge vya klorini.

Namba mbili ni kuchuja kwa utando, ingawa kwa mwenye maabara ningeupa ya kwanza. Maji yanapita kwenye utando wa vitundu vya maikroni 0.45, unaunyanyua kwa koleo iliyopitishwa motoni, unaulaza kwenye sahani yenye dawa ya kuoteshea, ndani ya inkubeta ya nyuzi 44. Kesho yake unahesabu vidoa vya njano kimoja kimoja. Raha yake ndiyo hiyo: unaona kwa macho. Nunua inkubeta yenye betri, na kabla ya kulipa iwashe kutwa nzima bila umeme, kipimajoto kikiwa ndani. Masika, maji yenye tope la mto Luiche huziba utando. Hapo njia ya zamani ya kuotesha maji kwenye mirija mingi bado ina kazi, ila matokeo kamili huchukua siku kadhaa. Waachie maabara.

Chupa za H2S, zinazoonyesha gesi ya salfidi ya hidrojeni inayotolewa na bakteria, ni za tatu. Ni nafuu, na maji yakiwa na shaka zinageuka nyeusi, lakini hazitoi idadi, na hata bakteria wasio wa kinyesi wanaweza kuzigeuza.

Vibamba vya kuoteshea bakteria vinavyopima mililita 1 tu ya maji usinunue kwa maji ya kunywa. Kiwango kinachotakiwa ni E. coli sifuri katika mililita 100, sasa tone hilo litakuambia nini?

Maji ya bomba yenye klorini yanataka chupa ya sampuli iliyotiwa sodiamu thaiosalfeti. Bila hiyo klorini inaendelea kuua njiani, nawe unasoma sifuri ya uongo. Muulize muuzaji kama chupa hizo zimo kwenye boksi.