Tahadhari kwa wanaojiandaa kuhamia Kanada: wakala wa Lubumbashi anayeuza mikataba ya kazi isiyokuwepo

Ninaandika kwa ajili ya wakazi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, hapa Kongo (RDC), wanaojiandaa kuhama nchi, na hasa wauguzi, kwa sababu wakala aliyechukua dola 3,690 za familia yangu mwaka jana amefungua ofisi mpya katika komini ya Kampemba kwa jina jingine, na sasa anauza pia tiketi za likizo ya Desemba. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa mashtaka yetu yako mbele ya parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) na mwanasheria wetu ametuomba tusiharibu kesi kwa mdomo. Hata hivyo, namna anavyofanya kazi haibadiliki, na aliyeielewa ataitambua hata ofisi ikihama mara kumi.

Mke wangu ni muuguzi mwenye miaka 11 ya kazi, nami ni mwalimu wa sekondari. Habari za wakala huyu tulizipata kwa mama mmoja wa kwaya yetu, aliyetueleza kwamba mpwa wake alikuwa ameshaondoka kupitia kwake. Baadaye tulikuja kujua kwamba mpwa huyo hakuwahi kuvuka Ndola, nchini Zambia, na kwamba mama mwenyewe alikuwa ameahidiwa dola 100 kwa kila mtu atakayemleta, ili apunguze deni la fedha alizokwisha kulipa yeye. Simchukii. Alikuwa anajaribu kutoka shimoni kwa kukanyaga mabega yetu, na nadhani hakujua kwamba sisi pia tulikuwa tunazama.

Malipo ya kwanza yalikuwa dola 350 za kufungua faili, na tulipewa risiti yenye kashe mbili, moja ya buluu na nyingine nyekundu. Nakiri kwamba kashe hizo zilitutuliza. Sisi tuliokulia mbele ya madirisha ya ofisi za serikali tumezoea kuiamini karatasi yenye muhuri kuliko mtu anayeishika. Wiki tatu baadaye ilifika barua ya ajira kutoka nyumba ya kutunzia wazee katika jiji la Québec, ikimpa mke wangu kazi ya muuguzi kwa mshahara wa dola 4,800 kwa mwezi pamoja na nyumba ya kuishi. Wakala alimwambia, “Mama, usiwe na wasiwasi, mwajiri amekupenda, kilichobaki ni EIMT tu,” akaomba dola 1,200.

Hapa ndipo ninapowaomba msome polepole. EIMT ni tathmini ambayo mwajiri wa Kanada huiomba kwa serikali yake ili kuonyesha kwamba kumleta mfanyakazi kutoka nje hakutaathiri vibaya soko la ajira la nchi hiyo. Ada yake ni dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi ya kazi, na anayeilipa ni mwajiri. Hairuhusiwi kumtwisha mfanyakazi gharama hiyo, iwe kwa kumdai mapema au kwa kuikata kwenye mshahara. Kwa hiyo, wakala anapokwambia ulipe EIMT, hata akikuonyesha tovuti ya kweli ya serikali inayotaja ada hiyo, anakudai deni lisilokuhusu. Alituonyesha ukurasa huo kwenye simu yake, na kiasi kilichoandikwa hapo kilikuwa sahihi kabisa. Alichokiruka ni sentensi inayosema nani analipa.

Malipo ya tatu, dola 640, yalikuwa ya uchunguzi wa afya na alama za vidole. Tulipelekwa kwenye zahanati ndogo karibu na soko la komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, wakatupima damu, kisha kijana mmoja akatuchukua alama za vidole kwa kifaa kilichounganishwa na kompyuta ya mezani. Kwa utaratibu wa kweli, daktari anayempima mwombaji lazima awe miongoni mwa walioteuliwa na idara ya uhamiaji ya Kanada, na orodha yao iko wazi kwenye tovuti ya idara hiyo. Alama za vidole nazo hutolewa baada ya mwombaji kupokea barua ya maelekezo, katika kituo kilichoidhinishwa, na kituo tulichoelekezwa baadaye kiko Kinshasa. Ada yake ni dola 85 za Kanada kwa mtu, na ya kibali cha kazi ni dola 155. Zote mbili, kwa mtu mmoja, hazifiki dola 200 za Marekani. Sijui hadi leo alama zetu za vidole zilikwenda wapi, na jambo hilo hunikosesha usingizi kuliko fedha.

Mtu aliyetuamsha ni binamu yangu anayeishi Gatineau, huko Kanada, ambaye nilimtumia picha ya barua ya ajira kwa furaha, nikitaka anitafutie bei za makoti ya baridi. Alinipigia simu usiku huo huo. “Yaya,” yaani kaka mkubwa, aliniambia, “hii nyumba ya wazee iko Québec au Toronto?” Msimbo wa posta kwenye barua ulianza na herufi M, ambayo ni ya Toronto, katika jimbo la Ontario, wakati misimbo ya jimbo la Québec huanza na G, H au J. Akaendelea kunionyesha mengine ambayo mimi, mwalimu ninayesahihisha insha kila wiki, sikuyaona. Mshahara ulikuwa umeandikwa kwa mwezi, ilhali mikataba ya kazi za namna hiyo huko kwa kawaida hutaja malipo ya saa. Barua ilimwita mke wangu muuguzi bila kutaja popote Ordre des infirmières et infirmiers du Québec, chombo ambacho bila idhini yake hakuna anayeruhusiwa kufanya kazi ya uuguzi katika jimbo hilo, hata awe na uzoefu wa miaka 30. Tena hapakuwa na neno lolote kuhusu cheti cha kukubaliwa na Québec, kinachoitwa CAQ, ambacho jimbo hilo hukidai kwa mfanyakazi wa muda anayekuja kwa njia ya EIMT.

Kufikia wakati huo tulikuwa tumekwisha kulipa awamu ya nne, dola 1,500 za tiketi, na hiyo ndiyo sehemu inayowahusu hata wale wasiotaka kuhama, bali wanataka tu kwenda kutembea Dubai au Cape Town mwisho wa mwaka. Wakala alitutumia msimbo wa herufi na tarakimu sita, akatuambia tuuingize kwenye tovuti ya shirika la ndege. Majina yetu yakatokea, ya watoto pia, pamoja na tarehe na saa ya kuondoka Luano, uwanja wetu wa ndege. Tulipiga vigelegele. Siku ya nne, msimbo ule ule haukuonyesha kitu, na wakala akasema mtandao ulikuwa na matatizo.

Msimbo wa tarakimu na herufi sita ni wa kuweka nafasi tu. Mtu yeyote mwenye uwezo wa kuingia kwenye mfumo wa mashirika ya ndege anaweza kukuwekea nafasi bila kulipa hata senti, na nafasi hiyo itaonekana vizuri hadi muda wa kulipa upite, kisha itafutwa yenyewe. Tiketi iliyolipiwa ina namba ya tarakimu 13, na tarakimu tatu za mwanzo hulitambulisha shirika. Za Ethiopian Airlines, kwa mfano, huanza na 071. Dai namba hiyo kabla ya kutoa fedha za mwisho, kisha nenda mwenyewe kwenye ofisi ya shirika husika mjini uombe waithibitishe. Watu walionunua tiketi za Desemba kwake nina hofu kwamba watayagundua haya wakiwa Luano na mabegi yao.

Wengine wataniuliza kwa nini hatukuyachunguza haya mapema. Jibu ni kwamba tayari tulikuwa tumeanza kuhama. Kiwanja chetu kidogo cha upande wa Kasapa tulikiuza ili kupata malipo ya pili na ya nne, jokofu likaenda kwa jirani, mwenye nyumba tulikwisha kumpa taarifa na alikuwa ameshaanza kukata garanti yetu (amana ya kodi ya nyumba), na parokia ilikuwa imetufanyia ibada ya kutuaga ambapo watu walitoa sadaka wakisema tusiwasahau tukifika Bulaya, kana kwamba Kanada na Ulaya ni kijiji kimoja. Mtu aliyeagwa hawezi kirahisi kusema kwamba ana shaka. Wakala analijua hilo vizuri, na ndiyo maana ndiye aliyetuhimiza tutangaze safari mapema “ili watu watuombee”. Tumewapata watu wengine sita wenye risiti zenye kashe hizo hizo mbili, na wanne kati yao hawakuwa wamemwambia mtu yeyote, hata ndugu zao.

Hasara kubwa zaidi tuliigundua mwishoni. Wakala hakuwa ametula fedha tu. Alikuwa amewasilisha ombi la kweli kwa jina la mke wangu, akitumia barua ile ya kughushi, kupitia akaunti ambayo nywila yake anayo yeye. Sheria ya uhamiaji ya Kanada humzuia kuingia nchini humo kwa miaka 5 mtu anayebainika kutoa taarifa za uongo, na jukumu la kilichomo kwenye ombi hubaki kwa mwombaji hata kama lilijazwa na mwingine. Tumeiandikia idara ya uhamiaji kuomba ombi hilo liondolewe na kueleza tulivyotapeliwa, tukiambatanisha nakala ya mashtaka. Kama umewahi kumpa mtu huyu pasipoti na vyeti vyako, mtake akupe namba ya ombi na uione akaunti kwa macho yako, maana huenda kuna jambo limetumwa kwa jina lako ambalo hukulitia sahihi. Anayetoza fedha kukuwakilisha mbele ya idara hiyo lazima awe mwanasheria au msaidizi wa sheria aliyesajiliwa na chama cha wanasheria cha jimbo la Kanada, au notero (notaire) wa Québec, au mshauri aliyesajiliwa na Collège des consultants en immigration et en citoyenneté, na rejista ya chombo hicho hutafutwa bure kwa jina. Tulimtafuta wetu. Hayumo.

Kwa upande wa sheria yetu, kifungu cha 98 cha Kitabu cha Pili cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu utapeli kwa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5, na kilichotusaidia mbele ya parke ni risiti pamoja na ujumbe wa M-Pesa na Airtel Money, kwa kuwa fedha zilipelekwa kwenye namba tatu zilizosajiliwa kwa majina tofauti. Msifute ujumbe huo hata simu ikijaa.

Ila kabla ya kwenda parke, na kabla ya kumwonyesha kwamba umemshtukia, chukua pasipoti yako. Wawili kati ya wale sita walimgombeza kwanza, na pasipoti zao bado ziko kwake. Anawadai dola 200 kila mmoja ili azirudishe. Sisi tulimpigia simu kwa upole, tukamwambia kwamba benki inaihitaji pasipoti ya mke wangu ili itoe fedha za awamu ya tano, na akatuletea mwenyewe nyumbani kabla ya saa kumi jioni.