Anazama kufuata kiko, anakuta maisha yake: "La Maison en Petits Cubes"

Assalaam alaykum jamaa zangu, karibuni tena, tupo hapa Mji Mkongwe. Leo nina filamu ya dakika 12 tu, na nakuombeni msiidharau kwa ufupi wake. Inaitwa La Maison en Petits Cubes, ya mwaka 2008, kazi ya Mjapani Kunio Kato. Mwaka 2009 ilichukua Oscar ya katuni fupi, na ilistahiki.

Kuna mzee aliyefiwa na mkewe, anaishi peke yake kwenye mji uliomezwa na bahari. Kila maji yakipanda, anajenga chumba chengine juu ya kile kilichozama, anahamisha vitu vyake, maisha yanaendelea. Siku moja katika kuhama huko kiko chake cha kuvutia tumbaku kinamponyoka, kinazama. Anapita mchuuzi na mashua yake. Mzee anajaribu viko vyengine, havimkai. Mara jicho linatua kwenye nguo za kuzamia. Anazichukua, anafungua mlango wa sakafuni, anajitosa.

Hapo ndipo iliponishika. Anakiona kiko kimelala chini, na anapokiinamia, mkono wa mkewe unakiokota na kumpa. Ni kumbukumbu, ya mara moja tu, basi. Alichokifuata ameshakipata, angeweza kurudi juu. Harudi, anazidi kushuka, na kila chumba cha chini kina kumbukumbu ya zamani zaidi. Kuna kitanda alichomuuguzia mkewe. Chini zaidi, picha ya binti yao na mume na mtoto. Chini tena, binti huyo huyo bado mdogo wa skuli. Na chini kabisa, wakati huo bado nchi kavu, vijana wawili wanapanga matofali ya mwanzo ya nyumba yao.

Mpangilio huu ndio nguvu ya filamu nzima. Wahusika hawasemi neno hata moja. Lakini ugonjwa umeshauona kabla ya harusi, kwa hiyo kila furaha inayokuja baadaye inakuchoma, kwa sababu wewe unajua na wale vijana hawajui. Majuto ya mzee huyu unayahisi bila ya mtu kuyataja.

Wenzetu wa Pemba, ambako maji ya chumvi yanaingia kwenye mabonde ya mpunga, watamfahamu upesi. Kuna watakaouliza: kwa nini hahami? Ahame aende wapi, na mkewe yuko chini ya miguu yake? Kato hamfanyi mkaidi wala wa kuonewa huruma. Anamwacha na heshima yake, na hilo nimelipenda mno.

Sikuridhika na sehemu ya binti. Anakua, anaolewa, anatoweka, na filamu haigeuki nyuma kumtazama. Hapa mjini nyumba ngapi zina mzee mmoja na ukuta wa picha za watoto walioko Muscat au London? Mimi nilitaka hata barua moja kutoka kwake.

Mnaoangalia na watoto, nakwambieni mapema, mwishoni kuna mvinyo. Tafuteni toleo lisilo na msimulizi, muziki wa Kenji Kondo unatosha. Na iwekeni kwenye televisheni, msiangalie kwenye simu: imechorwa kwa mkono, na mikwaruzo ile ya penseli ukutani kwa mzee inapotea kwenye kioo kidogo. Kama nyumbani mna bibi au babu, mwiteni akae mbele.