Zizi la kuachishia watoto wa punda njia ya Igombe, nimeridhika ila kuna mawili hayajakaa sawa

Wenye punda wa mikokoteni hapa Tabora naomba mnisome, maana hii huduma wengi hawaijui na mi mwenyewe nimeijua nikiwa nimeshapoteza mtoto mmoja. Iko njia ya kwenda Igombe, unaacha barabara kubwa unaingia mashambani, hamna kibao wala jina, uliza tu kwa mama mwenye mapunda utaelekezwa. Unampelekea mtoto wa punda aliyefikia kuacha ziwa, anakaa naye kama miezi miwili, unarudishiwa anayekula mwenyewe na anayejua kuishi na wenzake. Bei ni buku kwa siku, majani na mabua ya kwake, pumba unaleta wewe.

Nianze na yule aliyekufa ili mnielewe kwa nini hii buku naiona ndogo. Nilimwachisha vile tunavyofanya wengi, ana miezi minne tu nikamfunga nyuma ya nyumba peke yake, mama yake anatoka na mkokoteni wa maji alfajiri na jioni namlaza kwa jirani ili wasionane. Kalia siku tatu usiku na mchana, siku ya nne kanyamaza, nikasema haya kazoea, kumbe kaacha kula. Daktari wa mifugo alipokuja akanieleza punda akigoma kula mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe, yanajaa kwenye damu mpaka ini linazidiwa, na punda wanapatwa na hii hali sana kuliko farasi, tena punda ana tabia ya kuficha maumivu kwa hiyo ukimwona kanyong'onyea ujue umeshachelewa. Siku ya saba akafa. Iliniuma na bado inaniuma.

Huyu wa sasa ni dume, nikangoja afikishe miezi saba. Nimefika pale, shikamoo mama, marahaba mwanangu, mama yake yuko wapi? Nikamwambia nimemwacha nyumbani. Akagoma kabisa kumpokea, akanirudisha na jua lile la mwezi wa tisa, nikakasirika kiukweli. Kesho yake nikarudi na wote wawili na hapo ndo nikaanza kuelewa anachofanya.

Wiki ya kwanza wanakaa wote zizini, mtoto anazoea mahali na anazoea wenzake mama yake akiwepo. Halafu mama anatolewa saa moja, kesho masaa mawili matatu, na anayetolewa ni mama, mtoto habanduki, kwa hiyo hapotezi mama na nyumba siku moja. Baadaye wanatenganishwa na ua wa miti, wanaonana, wananusana pua, ila kunyonya hawezi. Siku mama anaondoka moja kwa moja mtoto alilia jioni ile na asubuhi yake, basi, na kula hakuacha hata siku moja, na mimi hicho tu ndo nilikuwa nakiogopa. Na kuhusu mama punda, yule mama wa zizi kanipa masharti, nisimkamue maana ukikamua maziwa yanazidi kuja, nimpunguzie pumba, nimwangalie kiwele kisije kikawa kigumu cha moto, na nisimlaze peke yake maana naye kaachwa. Nashukuru nina majike mawili wanaovuta pamoja.

Sasa kitu kikubwa cha pale, na hiki ndo unalipia, ni punda jike mzee wanamwita Bibi, kazi ya kuvuta ameacha zamani. Yeye anakaa na watoto. Wangu siku za kwanza alikuwa anasimama pembeni ya kundi, akimsogelea mkubwa anachezesha midomo wazi kama anatafuna kitu hakipo, ndo heshima yao watoto, na akijifanya kuingilia chakula Bibi analaza masikio tu, hajampiga, dogo anarudi nyuma. Mtoto aliyelelewa na binadamu peke yake hajui haya, anakuja kukung'ata na kukurushia mateke akiwa mkubwa. Nimesoma kwamba watafiti wa Ufaransa walishawahi kuweka farasi wakubwa wasio na undugu pamoja na watoto waliotoka kuachishwa, na wale watoto walihangaika kidogo kuliko waliokaa watoto watupu. Huyu mama hajasoma hilo popote, kaliona zizini kwake. Na farasi wakiachiwa wenyewe mama humwachisha mtoto kwenye miezi minane mpaka kumi na moja hivi, sasa sisi na miezi minne yetu tunakimbilia wapi jamani.

Kwenye wiki ya tatu nikamkuta na rafiki, kajike ka mtu wa Kiloleni. Wanasimama huyu kichwa huku yule kichwa kule wanapungiana nzi kwa mikia, wanakunana shingo kwa meno, mmoja akilala mwingine kasimama. Nilikaa pale karibu saa nzima nawaangalia tu.

Mabaya yapo. La kwanza, mgeni anaingia moja kwa moja kundini, hamna sehemu ya kumtenga hata wiki mbili. Mtoto anayeachishwa kinga ya mwili wake iko chini, akija mmoja na kikohozi au minyoo anawapa wote, na wangu alipata mafua huko huko, alipona ila nililipia dawa mwenyewe. Nimemwambia mama ajenge hata kabanda ka pembeni, akasema atafikiria, naomba na nyie mkienda mmwambie.

La pili hakuniambia mapema, na lilipaswa liwe la kwanza kuambiwa. Punda wanashikana wawili wawili. Nimeenda kumchukua siku ya sitini, tumefika getini tu yule kajike kaanza kulia, wangu kagoma kutembea, anageuka nyuma anajibu, nikaona naanza upya yale ya mwaka ule. Nikamrudisha ndani. Kwa hiyo ukienda nenda na watoto wawili au elewana na mwenzako mapema kabla hawajazoeana.

Nampa nyota nne. Wangu bado yuko kule, buku kila siku. Mwenye kajike anataka laki mbili na nusu ndo aniuzie, mi nimefika laki mbili, Jumamosi naenda Kiloleni tena kuongea naye.