Gitaa la umeme kwa hali ya hewa ya Dodoma: lipi litazeeka vizuri

Vijana wa kwaya wananiuliza sana wanunue gitaa gani ili hela isipotee. Mimi nasema nunua gitaa ambalo fundi mwenye bisibisi anaweza kulifungua lote akalirudisha, maana hapa kwetu toka Mei mpaka Novemba mvua huioni, vumbi na upepo ndo usiseme, na mbao inateseka.

Namba moja ni Telecaster, au lolote la umbo lile hata kama ni kopi. Kampuni ya Fender walianza kuliuza 1950, jina la Telecaster likaja 1951, na mpaka leo umbo ni lilelile. Shingo imefungwa kwa skrubu nne, pikapu mbili (vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi), swichi moja, volumu na toni basi. Volumu ikianza kukwaruza kwa vumbi unatoa skrubu mbili za kile kibati, unapuliza spirei ya kusafishia, unazungusha zungusha, kwisha. Langu limechubuka rangi pale mkono unapolala, mbao inaonekana, na limezidi kupendeza.

La pili Stratocaster, la 1954. Linakaa vizuri kifuani kwa ibada ndefu, ila zile springi za nyuma zikilegea linatoka tyuni, zikaze.

Les Paul, lile la Gibson, naliweka la tatu na roho inaniuma, sauti yake nene naipenda mno. Lakini shingo imegundishwa na kichwa kimelala nyuma kama digrii 17, likidondoka mara nyingi linavunjikia hapohapo. La mtumba ligeuze juani uangalie nyuma ya kichwa kama kuna mstari wa ufa, na usipande nalo bodaboda bila kesi ngumu.

La mwisho ni yale ya ncha ncha yenye Floyd Rose, yaani daraja la nyuzi linaloelea kwa springi na lina mkono wa kuyumbisha sauti. Niliwahi kuwa nalo, uzi mmoja ukakatika katikati ya pambio na zote zilizobaki zikatoka tyuni palepale, nikabaki nimesimama. Halafu halikai hata kwenye kiti.

Kabla hujalipa pitisha kiganja pembeni mwa shingo. Ukisikia ncha za freti (vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) zinakukwaruza ujue mbao imenywea kwa ukavu, freti zimechomoza. Fundi anapiga tupa taratibu zinaisha, kwa hiyo usiliache gitaa zuri, omba tu bei ipungue.