Chungu cha umeme na vikapu vya mvuke: miezi minne jikoni kwangu

Inachukua? Taa nyekundu imewaka? Haya. Habari za asubuhi wapendwa, karibuni jikoni. Mtanisamehe leo sijapaka hata wanja, ni saa kumi na mbili kasoro na majogoo ya jirani yanaongea kuliko mimi. Nimeamka saa hizi kwa sababu humu ndani kuna makongoro tangu jana saa tatu usiku, na nimeahidi sitafunua mpaka tumalize kuongea. Kwa hiyo mkiniona nanusa nusa, ndiyo hayo.

Chombo chenyewe ni hiki. Boksini kimeandikwa slow cooker, hapa nyumbani tumekibatiza chungu cha umeme na jina limekaa. Mwanangu, sogea karibu waone. Nje ni bati lenye nyaya za moto ubavuni, ndani kuna chungu cha kauri kizito kinachotoka, juu mfuniko wa kioo. Lita tatu na nusu. Swichi ni moja tu, ya kuzungusha: Off, Low, High, Warm. Pale kwenye jina la kampuni nimebandika plasta, kwa sababu hawajanilipa na mimi sitaki kesi. Nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 90,000, baada ya kubembelezana na muuzaji mpaka akaniuliza kama nimekuja kununua au kuposa.

Kinachofanya ni kitu bibi zetu walikijua. Mnakumbuka chungu cha maharage kinaachwa kwenye mafiga usiku, kuni zinatolewa, makaa yanapaliwa, asubuhi unakuta yameiva yenyewe? Ni hicho hicho, kimewekewa waya. Na hata huko kilikotoka habari ni hiyo hiyo. Aliyekibuni ni Irving Naxon wa Chicago, alipata hataza yake, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, mwaka 1940. Mama yake alikuwa amemsimulia jinsi kwao Lithuania Wayahudi walivyopeleka vyungu vya maharage na nyama kwenye tanuri la mwoka mikate Ijumaa kabla jua halijazama, maana Sabato hawawashi moto, vikakaa kwenye joto linalofifia mpaka kesho yake. Baadaye kampuni ya Rival ikainunua biashara yake, na mwaka 1971 ikakitoa kwa jina la Crock-Pot. Wamarekani wakakipenda kwa sababu akina mama walikuwa wanatoka kwenda kazini.

Shikeni hapo kwenye kutoka kwenda kazini, maana ndiyo hukumu yangu nzima ya leo. Chombo hiki kinampikia mtu aliyelala au aliyetoka. Kama unashinda nyumbani na jiko lako la gesi liko hapo, hakina cha kukuongezea zaidi ya nafasi kitakayokula kabatini.

Makongoro nayafanya hivi. Nayaosha, nayachemsha kwanza kwenye gesi dakika kumi, namwaga yale maji na povu lake. Ndipo yanaingia kwenye chungu na tangawizi, kitunguu saumu, chumvi, na maji ya kufunika tu. Mara ya kwanza niliweka maji kama ninavyoweka kwenye sufuria, nikapata bahari. Humu maji hayakauki. Mvuke unapanda, unagonga kioo, unarudi chini. Ukizoea kuongeza maji kila saa, acha huo mkono. Na usifunue funue! Kila ukifunua joto linatoka, na kwa vile moto wake ni mdogo, unamrudisha nyuma kama dakika ishirini. Mimi nimemkataza hata huyu mpiga picha wangu.

Nyama iwe imeyeyuka, isitoke kwenye friza ikiwa jiwe. Itakaa kwenye uvuguvugu muda mrefu mno, na uvuguvugu ndiyo shamba la bakteria. Halafu chungu cha kauri hakipendi mshtuko. Kikitoka moto usikitie maji baridi, kitapasuka. Wala usikiweke juu ya moto wa gesi ili ukaange kitunguu. Kaanga kwenye kikaango, halafu mimina humu.

Sasa maharage, na hapa naomba msinikimbie. Chombo kilizaliwa kwa ajili ya maharage, lakini maharage mekundu makubwa usiyatie humu mabichi. Yana protini fulani, moja ya zile ziitwazo lektini, ambayo ni sumu kwa tumbo. Sufuria inayochemka kwa fujo inaimaliza. Chungu hiki hakichemki kwa fujo, kinaweza kukaa saa nyingi chini ya nyuzi 80, na kwa joto hilo sumu inaweza hata kuzidi ilivyokuwa kwenye maharage mabichi. Utatapika, na utamlaumu muuza samaki. Kwa hiyo loweka usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwenye gesi yakitokota kwelikweli, wengine wanasema dakika kumi, mimi naweka thelathini nilale salama. Baada ya hapo chungu kimalizie. Kisamvu vilevile: kichemshe kwanza kwenye sufuria isiyofunikwa, kwa sababu kina sumu yake inayotoka na mvuke, na humu mvuke hautoki.

Nazi? Inakubali, ukifuata utaratibu ule ule wa nyumbani. Tui jepesi linaingia mwanzo, kasimile, lile tui zito, inaingia nusu saa ya mwisho. Ukiitia kasimile asubuhi ukaenda kazini, utarudi ukute limekatika, mafuta huku, machicha kule. Ndiyo, najua yakikatika si machicha, lakini ndivyo yanavyoonekana.

Tuje kwenye umeme, maana maswali yote kwenye video iliyopita yalikuwa hapo.

Chini ya chungu changu pameandikwa wati 200. Hata ningekiacha kwenye High saa nane mfululizo, ni yuniti 1.6. Kwa sisi ambao shilingi 10,000 inatupa kama yuniti 28, hiyo ni kama shilingi 570. Jiko la koili la wati 1,000 ukilitumia saa tatu umekula yuniti tatu, zaidi ya shilingi 1,000. Hesabu nzuri. Lakini wewe uliye kwenye lile kundi la nafuu la yuniti 75 kwa mwezi, subiri. Ukipika hivi kila siku siku thelathini ni yuniti 48. Ongeza friji na feni, utazivuka zile 75, na unaweza kujikuta umetolewa kwenye kundi unalipa bei ya juu. Kwako kiwe cha mara moja moja kwa wiki.

Na aibu yangu hii hapa. Wiki ya pili nilitia kilo mbili za nyama, nikaenda kulala kama malkia. Saa tisa usiku luku, ule umeme wa kulipia kabla, ikaisha. Si umeme kukatika, ni mimi sikuangalia mita. Nimeamka saa kumi na mbili, chungu kina joto la maji ya kuogea. Saa tatu nzima. Mume wangu akasema tuichemshe tu tena, mimi nikaimwaga, na sikujibishana, kwa sababu kuchemsha hakuondoi kila sumu iliyoachwa na bakteria. Kilo mbili, jamani. Siku hizi sigusi swichi kabla sijaangalia luku.

Kutokana na hilo nimejifunza jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Dukani atakusukumia kile cha kubonyeza, chenye namba za kijani, saa na mlio. Kizuri machoni. Ila umeme ukikatika dakika mbili tu ukarudi, vingi vya namna hiyo vinabaki vimezima, vinasubiri mtu abonyeze. Wewe uko kazini Posta, chungu kiko Tabata kimenuna. Hiki cha kuzungusha umeme ukirudi kinaendelea. Kwa nchi yetu chukua cha kuzungusha, hata kama ni cha bei ndogo. Kasoro yake ni kwamba kitaendelea hata kama umeme ulikuwa umekatika saa nne, na hutajua. Mimi nina kisaa cha kuchomeka ukutani karibu yake. Umeme ukikatika namba zake zinarudi sifuri na kuanza upya. Nikirudi nikaikuta inasoma vizuri, nakula. Ikinidanganya muda, naanza kuuliza majirani.

Mwingine aliuliza: dada yake wa Marekani anataka kumtumia kimoja. Mwambie asitume. Vya kule ni vya volti 120, hapa ni 230, ukichomeka utapata moshi badala ya supu. Akitaka kukufurahisha atume hela. Vya Dubai au Uingereza havina shida, hata plagi ni ile yetu ya pini tatu bapa.

Haya, tuhamie kwa mwenzake, chombo cha kupikia kwa mvuke. Huyu nakwepa kumwita stima, maana wapendwa wa Kenya mtadhani naongelea umeme. Ni vikapu vitatu vya plastiki vinavyopandana, chini tangi la maji lita moja, swichi ya dakika mpaka 60. Wati 800, lakini haikai muda. Nusu saa ni yuniti 0.4, kama shilingi 140.

Niseme ukweli, hiki nilikidharau nikaja kukipenda. Viazi vitamu dakika 25 na havijalowa maji, utamu wote umebaki. Samaki, changu mdogo mwenye ndimu na pilipili, dakika 15. Magimbi yanataka 40 na zaidi, na usiyaonee haraka, gimbi lisiloiva linawasha koo mpaka utubu. Lakini kazi kubwa inayofanya kwangu ni kiporo. Wali wa jana kwenye bakuli, dakika kumi, unatoka kama umepikwa sasa hivi. Chapati pia, zifunge kwenye kitambaa zisipigwe na matone.

Matone ndiyo habari. Samaki akae kikapu cha chini. Mimi nilimweka juu, chai ya asubuhi tukanywa na viazi vyenye harufu ya bandarini.

Na sisi tunaotumia maji ya kisima, yale ya chumvi, baada ya wiki tatu utaona gamba jeupe kwenye chuma cha chini. Mvuke unakuwa mchovu. Tia siki kiasi, maji mara mbili yake, washa ipate moto, zima, acha saa moja, mwaga, suuza. Changu hakijafa bado, ila kikapu kimoja kimepata ufa, nakitumia kuwekea vitunguu.

Sasa kabla hujakimbilia dukani: sufuria, maji vidole viwili, chujio la bati juu yake, mfuniko. Mvuke ni mvuke. Waganda wanaivisha matoke kwenye majani ya mgomba na hakuna swichi. Jaribu hivyo mwezi mmoja, ukiona unapenda vyakula vya namna hii ndipo ununue.

Na kama una hela ya chombo kimoja tu, mimi nakushauri nunua sufuria ya presha ya umeme, wala si hivi viwili. Maharage chini ya saa moja, umeme mdogo, hakuna habari ya uvuguvugu. Najua video hii ni ya chungu, lakini ndivyo ilivyo. Chungu nimekiweka kwa ajili ya makongoro, mchuzi wa mbuzi, na siku za Ramadhani ambapo sitaki kusimama jikoni saa kumi jioni na njaa yangu.

Nimeongea mno. Twende tufunue. Kisaa kinasomaje? Kumi na mbili na dakika kumi, sawasawa na simu. Sogea, mwanangu. Haya, moja, mbili...

“Shangazi, mvuke umejaa kwenye kamera, sioni kitu.”

Futa na shati. Ona sasa, nanyanyua mfupa kwa kijiko, nyama inabaki chini. Umeona? Narudia. Mfupa huu hapa, mtupu. Juu kuna mafuta, nitayaengua kidogo, si yote. Weka hiyo kamera juu ya friji uniletee mabakuli, na ndimu ziko kwenye kile kikapu chenye ufa.