Mwaka mmoja na idara ya takwimu kinuni kwetu

Ninaendesha kinu cha kusaga unga wa mahindi katika Eneo la Viwanda, Nairobi, na kwa mwaka mmoja sasa tumeshirikiana na idara ya takwimu ya chuo kikuu kimoja cha hapa jijini. Sisi hulipa ada ya ushauri na gharama za maabara, nao hutuletea mhadhiri mmoja na wanafunzi watatu wa uzamili wanaoandikia tasnifu zao juu ya tatizo letu. Ninaitathmini huduma hiyo kwa ajili ya wenye viwanda wenzangu wanaofikiria kuitafuta.

Tatizo lenyewe lilikuwa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka. Kiwango kinachoruhusiwa nchini ni sehemu 10 kwa kila bilioni, na hakuna msagaji aliyesahau mwaka 2004, ambapo watu 125 walifariki, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyoingia kuvu, wala Novemba 2019, KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilipopiga marufuku chapa tano za unga. Tulikuwa tukipima kila lori. Siku moja, hata hivyo, lori lilelile lilipimwa mara mbili: majibu ya asubuhi yakaruhusu mahindi yaingie, ya alasiri yakayakataa. Tulimlaumu fundi wa maabara na kuanza kutafuta bei ya mashine mpya.

Mhadhiri hakuuliza lolote kuhusu mashine. Aliomba kwanza asimame getini aone vijana wanavyochoma magunia kwa bambo, kile chombo chenye ncha cha kutolea punje za sampuli. Walichoma machache ya nyuma ya lori, yale yanayofikika, na kiganja cha punje kilichopatikana ndicho kilichoamua shehena nzima. Alitueleza kwamba sumukuvu haienei sawasawa: punje chache sana hubeba sumu nyingi mno huku maelfu ya jirani zake yakiwa safi, kwa hiyo sampuli ndogo mara nyingi huzikosa punje hizo, na ikizipata huonyesha sumu kupita kiasi kilichomo katika shehena.

Hilo hatukuombwa tuliamini hivihivi. Wanafunzi walichukua sampuli kadhaa katika lori moja, wakaigawa kila sampuli mafungu, wakapima kila fungu mara mbili, kisha wakakadiria ni kiasi gani cha tofauti kilitokana na bambo, kiasi gani na usagaji, na kiasi gani na mashine. Mchango wa mashine ulikuwa mdogo kabisa; bambo ndilo lililotuyumbisha. Fedha za mashine tukanunulia kinu kidogo cha sampuli, na siku hizi tunachoma magunia mengi kadiri yanavyoshushwa, tunachanganya punje zote na kuzisaga laini kabla ya kupima. Fundi wetu nilimwomba radhi mbele ya wenzake.

Mmoja wa wanafunzi alinisimulia habari za William Gosset, aliyefanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, akaenda London kujifunza kwa mtakwimu Karl Pearson, na mwaka 1908 akachapisha, kwa jina la “Student”, njia ya kufikia uamuzi kwa kutumia sampuli ndogo. Niliguswa kusikia kwamba hesabu wanayoitumia kwetu ilizaliwa kiwandani.

Kasoro zipo, na ni nzito. Mkataba ulikaa muhula mzima katika ofisi ya sheria ya chuo. Ripoti ya kwanza ilijaa fomula ambazo msimamizi wa ghala hakuweza kuzitumia. Tulidai nyingine, nayo ikaja ukurasa mmoja wa Kiswahili ambao umebandikwa getini hadi leo. Suala la usiri walilishughulikia vizuri: majina na simu za wakulima viliondolewa kabla ya data kutoka kwetu, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inavyotuelekeza kuwalinda, na tasnifu hazitaji kiwanda.

Kilichotuumiza zaidi ni kalenda. Mavuno makubwa ya Bonde la Ufa hutufikia kuelekea mwisho wa mwaka, wakati wanafunzi wako kwenye mitihani, na wiki tulizowahitaji kuliko zote hatukuwa nao. Mkataba wa mwaka wa pili tumeutia saini juzi, na safari hii umeandikwa wazi kwamba timu itakuwa kinuni kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Desemba.